Mtandio Nilioupiga Pasi

Mimi ni mtu wa Uru, nimezaliwa kihambani, shamba la ukoo, katikati ya migomba, lakini kazi ya kufunga vitambaa nilifundishwa na Mhindi. Alikuwa bibi mwenye nyumba niliyopanga chumba, mjini, mtaa wa Majengo. Ukoo wao, tangu huko India, ni watu wa kufunga na kutia rangi. Yeye ndiye aliyebaki. Watoto walihama, wajukuu wakataka ofisi.

Alinifundisha kwa ukali. Unafinya kitambaa kwa ukucha wa kidole cha mwisho, kadogo kama punje ya ulezi, unazungushia uzi, unakaza, unasogea. Ukikitumbukiza kwenye rangi, kila palipofungwa panabaki doa. "Kaza, mama! Unafunga mzigo wa ndizi?" Alinichapa vidole, nami mtu mzima mwenye watoto. Nilimpenda yule bibi, nasema wazi.

Tuliuza skafu kwa watalii wanaokuja kupanda mlima. Wao hawataki makunyanzi, kwa hiyo tulifungua mafundo yote tukapiga pasi. Miaka yote kazi niliyoijua ni hiyo.

Kisha mjukuu wake mmoja akaposwa, na bibi akasema atamfungia mtandio wa harusi, wa hariri. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Alianza akiona kidogo, akamaliza anapapasa tu. Nilitia rangi ya njano, akafunga tena, nikatia nyekundu. Jamani, ule mtandio!

Siku moja kabla mjukuu hajaja kuuchukua, nikautazama umejikunja kama tambara lililokauka juani. Nikasema, aibu gani hii? Bibi alikuwa amelala mchana. Nikaketi uani, nikafungua mafundo yote, nikawasha pasi ya mkaa, nikaunyoosha huku naimba.

Hakuna aliyeniambia, maana kwao hakuna asiyejua: mtandio wa harusi hukabidhiwa na mafundo yake. Bibi harusi na wenzake huuvuta huku na huku, nyuzi zikadondoka mbele ya watu, na yale makunyanzi ndiyo ushahidi wa mkono. Kitambaa kilichonyooka ni cha kiwandani.

Alipoamka nikamwekea mapajani, nangoja sifa. Akapapasa pembe hadi pembe.

"Nini hiki?"

"Mtandio wako, Bibi. Nimeunyoosha."

"Huu wa dukani."

Nikaapa kwa Mungu. Nikaokota nyuzi uani nikamjazia kiganjani. Akasema ni za skafu. Nikaita jirani anishuhudie, bibi akasema huyo ni shoga yangu. Kwa kuchanganyikiwa nikafunga upya pembe moja. Akaigusa. "Huu mkono wako, si wangu." Na kweli, ulikuwa wangu.

Mjukuu, aliyekulia mbali na kazi hiyo, hakujua kutofautisha. Aliuvaa, na bibi akaamini anauvaa kumridhisha mzee tu.

Watu wananiambia maji yakimwagika hayazoleki. Najua! Wanadhani nalilia kitambaa.

Hakunifukuza. Angenifukuza ningepumua. Aliitikia shikamoo yangu, akanimiminia chai kama kawaida, mpaka mwili ulipomwishia nguvu. Wiki aliyofariki nilikuwa namlisha uji, akanishika mkono, akauliza taratibu, bila hasira hata chembe: "Sasa niambie, mwanangu. Ule wangu ulimpa nani?"