Siku Waliyofungua Duka la Ikonge

Kwa miaka tisa niliuza mabati, saruji na misumari katika duka la familia moja mjini Ogembo. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Mzee, aliniajiri wakati shahada yangu ilikuwa haijanifaa popote. Alipoamua kufungua duka la pili Ikonge, alinituma nikatafute jengo. "Utalisimamia wewe," alisema. Niliamini, na nilikuwa na sababu ya kutaka kuamini: kutoka Ikonge ningeweza kulala nyumbani Manga kila siku, kwa mama, ambaye alikuwa akiishi peke yake na miguu ilikuwa imeanza kumkataa.

Ufunguzi ulifanywa Jumapili, kwa kuwa wao ni Wasabato. Pasta alipoita familia iketi mbele ibarikiwe, niliketi nao bila kufikiri. Dada yake Mzee akaniinamia.

"Mama, hebu tupishe kidogo, hapa ni pa wa nyumbani. Wewe pia ni wetu, lakini tusaidie kugawa soda."

Nikainuka. Nilikuwa nimebeba kreti Mzee alipomkabidhi mwana wa dada huyo funguo. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha kijana yule kutofautisha bati zito na jepesi.

Baada ya maombi nilimfuata Mzee nyuma ya duka.

"Mzee, si uliniahidi?"

"Ningefanyaje? Kijana amekaa bure tangu amalize chuo. Ningekupa wewe, dada yangu angenila mbichi. Wewe umesoma, hutakosa pa kwenda."

"Na mama yangu?"

"Tutamwombea."

Hakuwa akinidhihaki. Angenidhihaki, labda ningebaki nikamchukia kwa amani.

Jioni nilipanda hadi Manga. Mama alikuwa ameazima kitanda kwa jirani na kukitandika.

"Wamekupa?"

"Wamempa mtoto wao."

Akauliza kwa Kigusii, taratibu: "Na wewe, miaka hii yote, walikuwa wakikuita nani?"

Niliandika barua ya kuacha kazi asubuhi iliyofuata. Kazi niliyoipata baadaye iko Kisii mjini na huisha usiku, nami nimepanga chumba huko. Mama alikirudisha kitanda kwa jirani. Bado anaishi peke yake.