Flashi Yenye Uzi Mwekundu

Kwenye droo yangu kuna flashi nyeusi iliyofungwa uzi mwekundu. Kila nikihama nyumba hutupa vitu, lakini hiyo nahakikisha ipo. Nahakikisha mara mbili.

Zamani nilikuwa nanunua kompyuta zilizochoka kutoka ofisi za Kacyiru, nazitia Linux, mfumo usiolipiwa, kisha naziuza. Jirani yangu wa Busanza, mama mshonaji, alichukua moja ya kuwekea vipimo vya wateja. Asubuhi moja akaja ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Haiwaki. Jumamosi ni arusi, magauni kumi na manne hayajakatwa, na wasichana wa kuyavaa wametawanyika mikoani.

"Lakini kopi iko," alisema, akanipa flashi yenye uzi. Vitambaa vya wateja pia alivitia alama hivyo hivyo. "Nifungulie hii nianze kukata."

"Subiri kidogo, mama. Kwanza nitengeneze flashi ya kuiwashia mashine yako."

Flashi hiyo yenye uzi nilimuuzia mimi. Mjini nilikuwa nimechukua mbili pamoja ili bei ishuke, kwa hiyo ya kwangu ilifanana na yake kama mapacha. Nikazichomeka zote kwenye laptopu yangu. Uzi ukazizuia zisikae bega kwa bega, nikautoa.

Mimi siandiki mfumo kwenye flashi kabla ya kulinganisha alama ya faili, nijue haikuharibika njiani: herufi na tarakimu sitini na nne. Nilimsomea zote, yeye akifuata kwenye karatasi nilikoinakili alama. Nikarudia.

"Yewe! Unahesabu kama unapokea magunia kwenye maghala ya Masoro."

"Ndiyo maana sijawahi kupunjwa."

Nikaandika mfumo. Ulipomalizika nikafungua flashi ya pili nimpe vipimo vyake. Tupu.

"Mama, nimeandika juu ya yako."

Alinitazama kama anayenipima sanda. "Herufi sitini na nne umehesabu mara mbili. Flashi ziko mbili tu, zimekushinda?"

Sasa vipimo vilibaki ndani ya ile mashine yake inayougua, kama vilikuwepo bado. Nikaichomeka humo flashi niliyoiharibu, iliyo na mfumo sasa, nikaiwasha mashine. Kioo kikakaa cheusi muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha kikang'aa. Nikafungua diski ya ndani. Folda yake ilikuwepo.

Akasoma majina kwa kidole, kumi na manne. Nikanyoosha mkono ninakili.

"Toa mkono. Bado mara ya pili."

Akahesabu tena, kisha akaandika vyote kwenye daftari, kwa kalamu, huku mimi nikisubiri ruhusa nyumbani kwangu mwenyewe.

Siku hizi simu inajihifadhia kila kitu, hakuna anayeniletea mashine kifuani. Naikumbuka sauti yake akihesabu yale majina.

Siku ile, alipomaliza kuandika, aliokota uzi, akaifunga flashi fundo la kishonaji. "Hii ni yako sasa. Mimi nipe mpya."

"Chukua ile nyingine, mama, haina tofauti. Unipunguzie hasara hata kidogo."

"Uzi nimekupa bure."

Bado inawasha kompyuta. Fundo sijalifungua.