Mbavu Upande wa Mama

Baba amenialika kula nyama choma hapa Ukunda. Nimempa shikamoo, ameniuliza hali ya mama, na sasa tunangoja chakula. Mafuta ya mbuzi yanadondokea makaa, na moshi wake unanirudisha Kombani tulikokuwa tukiishi, kwenye kibanda alichotupeleka mchana mmoja, mama na mimi, nikiwa mtoto. Nilifurahi siku ile, maana nyama tulizoea kuila sikukuu.

Ililetwa kwenye sinia moja, mbavu bado zikichuruza mafuta, kachumbari na ndimu pembeni. Kwetu kila mtu hula kilicho mbele yake, na mgeni ndiye husogezewa vinono. Baba akaanza kuzisogeza mbavu kwa ncha za vidole, hadi zote zikawa upande wa mama.

Mama alizitazama asiziguse.

"Kumbe nimeshakuwa mgeni wako," alisema taratibu.

Baba alikuwa akikamua ndimu. "Kula kwanza," alimjibu. "Barabara ya Vanga ni mbovu, mtafika mmechoka."

Vanga ni kwao mama. Mbavu zile nilizila mimi, na zilikuwa tamu. Jioni tuliingia kwa bibi na nguo zetu zote, na Kombani hatukurudi tena.

Sasa sinia letu limeletwa. Baba ananawa, anapiga bismillahi, kisha anaanza kuzisogeza mbavu upande wangu.

"Karibu, mwanangu," ananiambia.