Kazi ya Kufuata Vidonge Tumboni

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya utafiti, ghorofani juu ya maduka ya vitambaa ya Bur Dubai, msimamizi wa chumba cha picha alinipa koti jeupe na onyo. "Sahau eksirei," alisema. "Ile hurusha mionzi mwilini. Mashine hii hairushi kitu, inapokea tu." Nilikuwa nimepiga picha za mifupa Tanga miaka mingi nikajiona nimefika. Nikaanza kujifunza upya.

Vijana huniuliza tulikuwa tukifanya nini hasa. Kampuni ikitengeneza kidonge hutaka kujua kinapasukia wapi, tumboni au mbele zaidi kwenye utumbo. Basi ndani yake ilitiwa chembe ya mionzi inayofifia yenyewe, mtu akakimeza kwa glasi ya maji akiwa hajala, kisha akawa anasimama mbele ya kamera ya gama, ile mashine inayopokea mionzi tu, kila baada ya muda. Hakuna kisu wala mpira wa kusukumwa kooni. Kwenye skrini huoni tumbo, huoni mbavu. Unaona nukta nyeupe kwenye giza, na ujuzi wote ni kujua nukta hiyo imefika wapi.

Waliokuja kumeza walikuwa wanaume wa kambi za vibarua za Muhaisnah, wajenzi na wasafishaji, katika siku yao ya mapumziko. Niliwabana kama watoto wa dada yangu. "Umekunywa chai?" "Sijanywa, mama." "Nitazame machoni useme tena." Wengine walicheka wakakiri, nikawarudisha kambini.

Masanja hakucheka. Alikuwa mpiga plasta kutoka Shinyanga, mrefu, mashati mawili mwilini na joto lote lile. Nukta yake iliingia tumboni ikagoma. Adhuhuri ipo, alasiri ipo palepale, ilhali za wenzake zilikwishafika utumbo mpana. Daktari mkuu wa utafiti aliitazama mara moja.

"Amekula. Chakula huzuia kidonge. Khalas, mtoe."

"Daktari, anaapa hajala."

"Wote huapa. Sisi tunafuata kidonge, hatufuati mtu."

Nilikasirika, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo. Nilimvuta Masanja pembeni.

"Mama, nile nini?" alisema. "Kila nikila natapika, tangu mwezi uliopita. Kliniki ya kampuni wananipa panadoli tu."

"Na wewe ukanyamaza? Mficha maradhi kilio humuumbua."

"Sikuficha. Niliambiwa mna mashine ya kuona tumbo. Ndiyo maana nikaja."

Ilinibidi nimwambie kwamba mashine yetu haioni tumbo. Kesho yake nilimpeleka mwenyewe hospitali. Walikuta uvimbe umeziba mlango wa kutokea tumboni, nao umekwishaenea mpaka kwenye ini. Arbab wake, yule mwajiri aliyemleta Dubai, alimkatia tiketi ya kurudi nyumbani.

Kabla ya kuondoka alipita kliniki, suruali ameifunga kwa kamba.

"Mama, naomba ile picha."

"Ya nini? Si umepewa ripoti ya hospitali?"

"Ya Kiingereza, kwetu nani ataisoma? Nikifa watasema nimerogwa. Watamsema shangazi aliyenilea. Ni mjane, anaishi peke yake, na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na kwetu macho hayo husemwa ni ya mchawi. Nataka waone kwamba ni ugonjwa."

Picha za utafiti hazikuruhusiwa kutoka nje. Nilimchapishia. Nilimweleza nukta ni nini, akarudia maneno yangu mpaka yakamkaa, nikamwandikia na namba yangu ya simu ya Tanga nyuma ya picha.

Muda si mrefu nami nikastaafu, nikarudi Tanga. Kazi yenyewe siilaumu. Wapo watu wengi wanaomeza kidonge kimoja kwa siku, kinachopasuka polepole, badala ya vitatu kwa sababu tulikaa tukitazama nukta zile, na kijana akitaka kuisomea nitamwambia asome. Ila naumia ninapokumbuka wangapi tuliwatoa kwa neno moja, amekula, bila kuwauliza lolote.

Nilikuwa nyumbani dada yake Masanja aliponipigia. Alisema kaka yake alifika amekwishakata kauli, akafa bila kueleza kitu.

"Na picha waliiona?" nikauliza.

"Waliiona, mama. Ilizungushwa msiba mzima. Wazee wakasema, kumbe hata Dubai wamekiona."

"Wamekiona nini?"

"Kile kitu cheupe. Kile alichowekewa tumboni na shangazi. Mimi nilitaka tu kujua kama ni kweli."

Nikamwambia kile kilikuwa kidonge, nilimpa mimi kwa mkono wangu, na glasi ya maji.

"Shangazi walimvamia juzi," alisema. "Tumeshamzika."