Ushuhuda wa Kuku

Nilisomea mambo ya mazoezi miezi sita, nikapewa cheti chenye muhuri, na tangu siku hiyo hakuna mtu amekula mbele yangu kwa amani. Pale Emali ninakofanya kazi kwa gym, ukichukua chapati ya pili mimi nakutajia kalori zake. Watu walinichoka. Ndipo nikaamua kupeleka elimu nyumbani, Tawa, kwa watu ambao hawakuwa wameniomba.

Nilipata akina mama watano wa kanisa letu, mmoja wao akiwa mamangu mzazi. Tulikutana Jumamosi asubuhi kwa uwanja wa kanisa. Mama ni mwembamba tangu nimjue, hakuwa na kitu cha kupunguza. Alijiunga ili mtoto wake asije akakosa watu.

Mpango wangu ulikuwa wa kitaalamu. Kila mtu aandike kwa daftari kila alichokula wiki nzima. Mimi nijumlishe, nilinganishe na kalori ambazo mwili wake unahitaji kwa siku, halafu nimpangie mazoezi: anayezidisha aruke kamba zaidi, anayekula kidogo apunguziwe. Hesabu haina upendeleo, niliwaambia. Na kwa kuwa watu wetu wamezoea kutoa ushuhuda, nikaona kila mmoja asimame asome daftari lake mbele ya wenzake. Hilo wazo nililipenda sana. Sijui nilirogwa na nani.

Jumamosi iliyofuata, jirani yetu, mmoja wa wale watano, ndiye alianza. "Bwana asifiwe."

"Amina."

"Jumatatu asubuhi, mayai mawili na mkate. Mchana, wali kwa kuku."

"Amina!"

Wa pili hakukubali kuachwa nyuma. Kwake kulikuwa na nyama ya mbuzi na chapati. Wa tatu akaongeza soseji. Wiki nzima, nyumba tano, Ukambani, na hakuna mtu aliyetaja muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, hata punje moja! Nami na cheti changu nikaandika tu.

Mama alisoma mwisho. Kwake kuku alikuwa amechinjwa mara tatu. Wenzake wakamwangalia kwa heshima, halafu wakaniangalia mimi, msichana anayelisha mamake vizuri. Kusema kweli, nilivimba kichwa. Nikajumlisha nikaona anakula kuliko wote. Nilimwona alivyo, mifupa mitupu, lakini daftari ndilo nililoliamini.

"Mama, wewe utaruka mara mbili ya wengine."

"Sawa, kocha," akasema.

Jumamosi ya tatu aliruka ishirini na kitu, akaachilia kamba, akakaa chini polepole, kisha akalala kabisa. Woi! Nilipiga magoti nikimwita. Tulimbeba hadi kivulini. Alipofungua macho, jirani akanigeukia.

"Huyu mtu umemuuliza amekula nini?"

"Si ameandika?"

"Ameandika!" Alinitazama kama mtu asiye na akili. "Sasa ulitaka asome nini mbele yetu? Kwamba mama ya kocha analala na chai? Hata mimi, hao kuku nimewatoa wapi? Mvua imekosa misimu miwili, na wewe unatuletea kamba."

Nilikimbia nyumbani kutafuta sukari. Nikafungua kabati la Mama, na huko ndani nikakuta mchele, mafuta, sukari, maziwa ya unga, kila kitu nilichomletea tangu Pasaka, kimepangwa vizuri, pakiti hazijafunguliwa. Uliofunguliwa ni mfuko mmoja tu wa mchele, ule ninaopikiwa mimi nikija. Kila nikija nilikuwa nakuta wali kwa kuku, nikajua hivyo ndivyo hapa hukula. Vyakula vilikuwa vya mgeni, na mgeni nilikuwa mimi. Nilisikia aibu hadi kwa mifupa.

Nikarudi na maji ya sukari. Wale wengine walikuwa wamesogea kando kidogo. Mama akanywa, akapangusa mdomo na leso, akaniambia ati ni jua tu.

"Mama, jana ulikula nini?"

Kwanza alitazama huku na huku kuona nani anasikia.

"Chai," akasema kwa sauti ndogo. "Na muthokoi uliobaki juzi." Halafu akanishika mkono. "Lakini hiyo usiandike."