Mfumo Aliouchagua Bi Sindano

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, Bi Sindano alimwekea mumewe chai, akavaa miwani yake ya kamba, akachukua kikapu kwenda kununua uzi. Mlangoni akageuka.

"Mume wangu, kompyuta usiizime. Vipimo vya sare za kwaya vyote vimo humo."

"Mimi na hilo dude lako tuna ugomvi gani?" Mzee alijibu, macho kwenye kikombe.

Bi Sindano lilikuwa jina la utani tu. Alikuwa ameshona nguo miaka thelathini na minane, katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Macho yalipoanza kumchezea, daftari la vipimo likamshinda kusoma. Binti yao akamletea kompyuta ya mezani iliyostaafishwa ofisini kwake, ili mama aandike kwa herufi kubwa. Ilikuwa kuukuu, na mfumo wake endeshi, ule unaoiendesha mashine nzima, ulikuwa umechoka. Ukiiwasha, unaweza kukoroga uji ukaiva kabla haijaamka.

Akamwendea fundi wa kompyuta wa pale kona, mwanamke mwenye utani mwingi aliyemwita dada.

"Weka mfumo huria, dada," fundi alimwambia. "Ni wa bure, na si wa wizi. Ni kama gauni unalopewa pamoja na karatasi ya mkato wake. Ukitaka kupunguza kiuno, punguza. Ukitaka kumshonea na jirani, mshonee."

Lugha hiyo Bi Sindano aliielewa.

Fundi akamtilia mifumo mitatu kwenye flashi moja nyeusi, aijaribu mmoja mmoja. Akamwonya kwamba wakati wa kujaribu, mfumo unaishi kwenye flashi, na anachoandika kinakaa kwa muda tu. Akizima, kimekwenda. Atakapoupenda mmoja, amwite kabla hajazima, aokoe alichoandika, wa zamani ufutwe, mpya ukae moja kwa moja.

Hapo kwenye kufuta ndipo Mzee alipotia ngumu. Alikuwa mpaka rangi, hakwenda shule, na mambo ya kufuta yalimtisha.

"Kitu hukukilipia, kikiharibika utamshika nani? Humu ndani hakifutwi kitu."

Mkewe hakubishana. Akawa mtu wa kujaribu tu. Siku moja alisema mfumo fulani unambana mabegani. Siku nyingine akasema mwingine una mifuko mingi mno, mkono haujui uingie wapi. Mzee alisikia kwa sikio moja. Halafu Jumatatu mkewe akauwasha mmoja, hakuulalamikia, akaanza kuingiza vipimo vya wanakwaya thelathini na mmoja huku akingoja mumewe alegeze.

Jumatano, asubuhi ile mkewe alipokwenda kununua uzi, Mzee alitamani nyimbo zake. Flashi yake ya nyimbo ilikuwa nyeusi. Akaona nyeusi imechomekwa kwenye kompyuta, akaichomoa, akaitia kwenye redio. Redio kimya. Alipogeuka, kioo cha kompyuta kilikuwa kimeganda. Akabonyeza kitufe, akabonyeza tena, akakishikilia. Kioo kikawa cheusi.

Mkewe aliporudi, Mzee hakungoja kuulizwa.

"Umeme ulikatika."

Bi Sindano alikitazama kile kioo. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni.

"Haya," alisema. Akachukua tepu yake akatoka, kwenda kuwapima watu upya, nyumba kwa nyumba.

Alizunguka juani siku tatu. Siku ya nne alianguka mlangoni kwa watu, tepu shingoni. Daktari alisema ni moyo, ulikuwa mgonjwa siku nyingi. Waombolezaji walisema siku yake ilifika. Mzee aliitikia tu. Alijua nani aliyemtuma juani, na hakumwambia hata binti yake.

Miezi miwili baada ya mazishi, akaipakia kompyuta kwenye toroli lake la rangi, akaisukuma hadi kona.

"Futa wa zamani," alimwambia fundi. "Weka ule wake."

"Upi, shemeji?"

Mzee hakujua. Fundi akamwashia wote watatu, mmoja baada ya mwingine. Mzee akainamia kioo kama mtu anayetafuta sura ya ndugu yake katika picha ya harusi ya wengine.

"Upi ulimbana mabegani?"

Fundi alianza kucheka, akaacha.

"Shemeji, kwani siku ile kompyuta ilipozimika ilikuwaje?"

"Umeme haukukatika," Mzee alisema. "Flashi niliichomoa mimi. Nikamdanganya. Akaenda juani kwa ajili ya uongo wangu."

Fundi akaweka bisibisi chini.

"Alijua. Alipita hapa kesho yake kuomba maji. Flashi aliikuta kwenye redio."

Mzee akakumbuka. Jioni ile aliiona flashi imerudi kwenye kompyuta, akadhani ameirudisha mwenyewe kwa ile hofu. Akakaa juu ya ndoo iliyokuwa karibu.

"Alikuwa na hasira?"

Fundi alifungua droo, akamwekea kiganjani flashi nyekundu.

"Upi niliujua, nilingoja useme mwenyewe. Nitakwambia alivyosema, neno kwa neno. 'Huo wa tatu umenikaa, utaniwekea akilegeza. Nyimbo zake mtilie kwenye flashi nyekundu, asije akachanganya tena. Na usimwambie kwamba nimejua, hatakula.'"