Nyuma Yetu Nani Anakuja?

Siku moja inanirudia akilini, mwanangu, tangu niliposikia unajiandaa kwenda Namibia kwa barabara. Nchi ile niliipita nikiwa kijana kama wewe. Tulitoka hapa Durban mimi na Papa Elie, Mrundi mwenye saluni kule Overport, tukipeleka nywele za kusuka. Mimi ndiye dereva, na ujuaji wangu ulijaa gari zima.

Ukishaacha mji, kule Namibia ni changarawe na mawe mpaka macho yachoke. Unaendesha asubuhi nzima hujaona hata mbuzi. Mchana, jua likiwaka, nikaona gari limesimama pembeni, boneti juu, na mwanamume akipunga shati. Nikakanyaga mafuta. Si unatujua sisi wa Durban? Kwenye robot tu, taa za barabarani, tunabana milango. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilikwisha kuporwa. Nikajiona mjanja kweli.

Papa Elie, aliyekuwa akisinzia, akafumbua macho.

"Ule mtu wa shati, ulimuona?"

"Nilimuona, Papa. Pengine ni tsotsi, jambazi tu. Durban hatusimamaki."

"Hapa haiko Durban. Nyuma yetu nani anakuja?"

Nikatazama kioo. Vumbi letu tu.

"Eish, haiko mtu."

"Basi geuza."

Tulimkuta mke wa yule mtu wa shati, mja mzito, amejilaza kwenye kivuli cha gari, midomo imepasuka. Maji yao ya mwisho walikuwa wameyamimina kwenye rejeta. Papa Elie akamnywesha kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa mpaka akaweza kukaa. Yule mume akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimewaona nilipopita. Nikasema ndiyo. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo nisikilize. Tahadhari kabla ya hatari: beba maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani yatatosha, na ya rejeta yawe mbali nayo. Woga wa Durban ni akili, lakini ni wa Durban. Jangwani ukiona aliyekwama, simama kwa mbali ukiogopa, teremsha kioo kidogo, uliza. Ila usipite kabla hujatazama nyuma. Ukiona hakuna anayekuja, mtu yule ni wako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie, na siku utakayokuwa wewe unayepunga shati, akuletee mtu wa kusimama.